Mkanda wa Siku Saba

Ko. Ko. Ko.

Kulikuwa bado na giza, mvua ya Tukuyu haijaachia bati tangu jana yake, na ndani ya mvua hiyo nikaisikia fimbo ya baba mkwe wangu ikigonga sakafu ya korido. Mara tatu, kisha kimya. Nikaepua sufuria ya uji, nikajibanza nyuma ya pazia la jikoni, nikachuchumaa na uso ukutani. Ndipo zikaja nyayo. Hatua nne. Akafika usawa wa pazia langu, akageukia ukuta wa upande wake, akapita kiubavu kama mtu anayepitisha meza kwenye mlango mwembamba. Mlango wa bafu ukafungwa.

"Babu amepita," akatangaza binti yangu Bupe, aliyekuwa amekaa juu ya gunia la viazi. Ana miaka mitano, na kazi hiyo alijiajiri mwenyewe.

Kwetu Wanyakyusa, mke hamtazami baba wa mumewe, wala baba huyo hamtazami mke wa mwanawe, na hawasemeshani ana kwa ana. Ndio mwiko. Miaka sita ya ndoa, sikuwahi kumwona uso. Kule kijijini, Masoko, ulikuwa mwiko mwepesi tu: shamba kubwa, yeye ana njia yake na mimi nina yangu. Lakini mama mkwe alipotangulia mbele ya haki, na mgongo nao ukamkamata mzee, mume wangu Lusajo akamleta mjini kwetu. Nyumba ya vyumba viwili, korido ya mita moja. Lusajo mwenyewe anafanya kazi mpakani Kasumulu, anarudi Jumamosi. Kwa hiyo siku sita za wiki tulikuwa sisi watatu: mzee, mimi, na mtangazaji wetu.

Asubuhi ile ilikuwa ya saba tangu avae mkanda wa kupima mgongo chini ya shati. Leo angeuvua, aupeleke hospitali, asubiri zamu yake ya siafu wanaounga migongo.

Niliomba awahi. Wiki tatu baadaye ilikuwa Pasaka, na tangu ujana wake mzee ndiye aliyepuliza besi, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, alfajiri ya Pasaka, bendi ya kanisa inapokwenda makaburini kuwaamsha marehemu kwa nyimbo. Mwaka jana alikwenda bila besi. Alirudi akalala siku mbili, akimrudishia Bupe sahani zikiwa zimejaa.

*

Kazi yangu ni kusoma ramani za migongo. Niliisomea jioni, miaka miwili, Bupe akilala kwenye kanga chini ya dawati. Mwalimu wetu hakuchoka kutukumbusha neno lake: "Mgongo humdanganya daktari. Mtu akiingia kwa daktari hujikaza, hutoa kifua. Nyumbani haudanganyi." Ndiyo maana ya siku saba. Nyuzi za mkanda husikia kila unavyoinama, unavyoketi, unavyojigeuza kitandani, na mwisho wake mashine huchora mkao wako wa kweli. Siafu wakiingia kuunganisha pingili, huziunganisha kwa mkao huo. Mfupa ukishashika, umeshika. Hakuna kurudi nyuma.

Siafu wenyewe ni vimashine vidogo kuliko punje ya mchele. Gari lao lilikuwa linakuja kwetu kwa mara ya kwanza, na Jumamosi jioni lingeondoka kwenda wilaya nyingine, lirudi baada ya miezi minane. Ramani arobaini zilikuwa zimeletwa tuzipitishe, mimi na mwenzangu Kissa. Hazina majina, zina namba tu. Kanuni zenyewe ni tatu, zimebandikwa mlangoni: usiguse ramani kwa kukisia; ukimtambua mwenyewe, sema na uiache; ulichokisoma ndani kisitoke nje.

Alhamisi hiyohiyo mchana nikafungua namba thelathini na moja. Pingili zikawaka juu ya meza, za bluu, zikining'inia hewani kama shanga kwenye uzi. Mwanamume, mtu mzima. Pingili ya nne ya kiuno ilikuwa imeteleza mbele juu ya ya tano, kama sahani ya juu kwenye rundo lililosukumwa, ikaubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Hilo halikuwa na ubishi. Chini yake mashine ilikuwa imeandika mkao wa nyumbani: ameinama mbele, amepinda kidogo kushoto. Ikapendekeza pingili zifungwe vivyo hivyo, digrii kumi na moja pungufu ya mtu wima.

Ilikuwa ramani safi. Nilikaribia kuipitisha. Lakini mimi nina tabia ya kuutazama mwendo kwanza, basi nikairudisha siku ya kwanza, alfajiri.

Zile shanga zikainuka kitandani polepole. Zikasimama. Bega la kulia likatikisika mara tatu, kidogo tu, kisha likatulia. Hatua nne. Mgongo ukainama, ukageuka kushoto, ukapita kiubavu.

"We Atuganile," akaniita Kissa kutoka meza ya pili, "umedondosha nini?"

Nikajiangalia. Nilikuwa nimechuchumaa chini ya meza, uso ukutani. Mwili ulikuwa umemtambua mzee kabla yangu.

"Kalamu," nikasema, na kalamu ilikuwa sikioni.

Nikainuka, nikaangalia zile siku nyingine. Mara mia mbili na kumi na mbili alikuwa ameinama namna ile. Hata akiwa amekaa, alikaa amejipinda, mgongo kwa mlango, nisije nikapita ghafla tukaonana. Kulala kwenyewe alilala kiubavu, ameelekea ukuta. Wiki nzima ndani ya nyumba yangu mzee wa watu hakuwahi kunyooka, na mashine, maskini, ikadhani ndivyo alivyoumbwa.

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya pingili ya tano. Kusogeza digrii kumi na moja ni kazi ya kupangusa unyuzi kwenye kola ya mtoto. Nani angejua? Jumamosi angeamka amenyooka, Pasaka angepuliza besi yake.

Lakini amenyooka kiasi gani? Nikajikuta sijui. Huyu mtu nilimjua kwa fimbo na kwa kikohozi. Nilijua hapendi chumvi nyingi. Nilitaka kumchagulia mgongo wa maisha yake yote yaliyobaki, na sikujua hata kama ana ndevu.

Nikakitoa kidole.

"Kissa, thelathini na moja namtambua. Ichukue."

"Ina shida?"

Kanuni ilikuwa inanitazama mlangoni. Kwa kitabu, ramani ile haikuwa na shida yoyote, na Kissa ni msichana wa kitabu.

"Soma tu mwenyewe," nikasema, nikavaa koti langu la mvua.

*

Njia nzima nilikuwa nabishana na nafsi. Nikinyamaza, mzee atafungwa ameinama. Nikisema, nimetoa siri ya chumba cha ramani, na juu ya hilo nimetaja kiuno cha baba mkwe wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimelowa na nimeamua.

Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Nikajificha nyuma ya pazia langu, nikamsimamisha Bupe katikati ya korido.

"Bupe, mwambie babu yako mama ana neno."

"Babu, mama ana neno."

Kiti kikalia. "Mwambie mama yako masikio ninayo mawili, zima ni moja. Aseme."

"Sema, mama."

"Mwambie leo nimeuona mgongo wake kazini."

"Babu, mama ameuona mgongo wako."

Nilisikia mfereji ukimwaga maji kwenye pipa.

"Ati ameona nini?"

"Mgongo wako. Kazini."

"Muulize, nilikuwa nimevaa shati?"

"Mama, babu alikuwa amevaa shati?"

"Mwambie haukuwa mgongo wa ngozi," nikasema. "Ulikuwa wa taa ya bluu."

"Ulikuwa wa taa, babu. Wa bluu."

"Aa," akasema mzee, akashusha pumzi. "Basi wa taa si mbaya."

Nikaeleza polepole, kipande kwa kipande, ili mkalimani wangu asimwage kitu njiani. Kwamba mkanda umemwona anavyopita koridoni. Kwamba mashine imehesabu adabu yake ikadhani ni mfupa.

"Babu," Bupe akafupisha, "Jumamosi wanakufunga ukiwa umeinama."

"Polisi?"

"Siafu."

Mzee akacheka. Miaka sita sikuwahi kukisikia kicheko chake, na nawaambia, ni kicheko cha mpuliza besi. Kikombe kilitetemeka kwenye sahani yake. Halafu kikakatika, akagugumia kwa maumivu, akasubiri yapite.

"Bupe, muulize mama yako. Wakininyoosha, kiuno kitakunjika tena?"

"Mwambie pale watakapopaunga hapatakunjika. Atainama kwa nyonga na magoti, lakini kiubavu, kama anavyopita hapa, hapana."

Nikasikia fimbo ikikwaruza sakafu.

"Basi mwambie hivi," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Nyumba hii ni yake. Nikiwa wima nitampitaje humu ndani? Nimemkuta binti wa watu ananipikia, ananifulia mablanketi, hajawahi kuinua sauti. Heshima niliyonayo ya kumpa ndiyo hiyo. Afadhali wanifunge hivi hivi. Besi watapuliza vijana."

Hilo sikulitarajia. Nilikuja na hesabu zangu za digrii, kumbe mzee alikuwa radhi kupindishwa maisha kwa ajili yangu mimi ninayechuchumaa na masizi puani. Nikafuta macho kwa pindo la kitenge.

"Bupe, mwambie babu mgongo ni wake, uamuzi ni wake. Akitaka wa kuinama, sitasema neno. Lakini asiuchague kwa ajili ya korido. Heshima ya humu ndani nitaibeba mimi. Kiuno changu bado kinakunjika."

Mtoto akafikisha yote, neno kwa neno, mikono nyuma kama anayesoma shairi shuleni.

Mzee akakohoa. Akakohoa tena.

"Mwambie mama yako... mwambie ndaga."

"Babu anasema ndaga," akasema Bupe. Ni asante ya kwetu, na tangu lini ilihitaji mkalimani.

*

Kanuni ya hospitali inamruhusu mwenye mgongo kuikataa ramani yake, mradi alete saa tatu za mkanda kabla ya upasuaji. Saa tatu tu, lakini akiwa amesimama kama anavyotaka kubaki. Mzee akasema yeye huwa wima mahali pamoja duniani.

Ijumaa baada ya chakula bajaji ya jirani ikampeleka kwenye mazoezi ya bendi, Bupe kamshikia fimbo, mkanda niliourudisha toka hospitali kiunoni. Kanisa liko ng'ambo ya bonde, baada ya mashamba ya chai. Nilikuwa naanika nguo mvua ilipopumzika kidogo, nikasikia matarumbeta madogo yakianza, halafu chini yake kabisa, kama ardhi inayojisafisha koo, besi. Ikakatika. Nikasimama na shati la Lusajo mkononi. Ikaanza tena. Ikakatika. Ikaanza tena.

Walirudi magharibi.

"Babu alilia kidogo," Bupe akaniripotia, "halafu akapuliza. Halafu akalia, halafu akapuliza. Wazee wakamwambia akae chini, akasema yuko kazini."

Mkanda ulishapelekwa hospitali, pamoja na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: *Ramani ya kwanza ni ya mtu mwenye adabu. Ya pili ni ya mpuliza besi. Naomba ya pili.*

Nami siku hiyohiyo asubuhi nilikuwa nimekwenda kwa Daktari Mashavu, mkuu wetu, mama wa Kipemba mwenye miwani ya kamba, nikamweleza kila kitu, hata kalamu iliyokuwa sikioni.

"Hebu kaa kitako, mwanangu," akasema. Akavua miwani. "Ungemnyoosha kimyakimya ningekufukuza leo hii, hata kama ungepatia. Unanielewa?"

"Nakuelewa, daktari."

"Lakini siri umetoa. Miezi mitatu hutagusa ramani. Utafua mikanda."

"Sawa, daktari."

"Usiseme sawa kwa furaha hivyo, nakuadhibu." Akavaa miwani, akanitazama. "Sasa niambie. Huku kwenu, wakwe wanaoishi nyumba moja ni wengi?"

"Mjini wanazidi, daktari."

Akainuka, akaenda mwenyewe chumba cha ramani. Kabla ya adhuhuri wagonjwa wote arobaini walikuwa wamepigiwa simu na kuulizwa swali moja ambalo halikuwemo kwenye fomu: *Nyumbani unaishi na mkwe?* Wakapatikana wengine wawili. Siku hizi swali hilo limechapishwa kabisa, la nne kutoka juu, na wageni wakiliona huuliza linahusiana nini na mifupa.

*

Jumamosi saa mbili asubuhi siafu wakaingia. Ganzi ni ya kiuno peke yake. Mgonjwa analala kifudifudi, yuko macho. Lusajo, aliyefika na basi la alfajiri, aliketi karibu na kichwa cha baba yake. Mimi na Bupe tulikuwa upande wa pili wa pazia la kijani, ambako nilisikia kila kitu na sikuona kitu.

Tundu lenyewe ni la ukubwa wa harage. Siafu hufuata mrija, huisogeza misuli bila kuikata, kama mtu anayepenya kwenye migomba bila kuvunja jani. Hula ule mto wa gegedu uliochakaa kati ya pingili, wakiutoa chembe kwa chembe. Kisha huingiza kizimba kilichokunjwa kama mwavuli, wakakifungua humo humo, pingili ikainuka, mshipa ukapumua. Kizimba hujazwa uji wa mfupa, ambao usiku kucha umepikwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe. Skrubu nne, fito mbili nyembamba kama sindano za kufumia. Basi.

Katikati ya kazi chumba kikaanza kunguruma.

"Mzee," sauti ya Daktari Mashavu, "unafanya nini?"

"Wimbo wa Pasaka, daktari. Sehemu ya besi."

"Punguza, baba yangu. Siafu wanayumba."

Bupe akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nami nikaziba wangu.

Kazi yote ilichukua saa moja na dakika kumi. Wakampaka gundi, wakamgeuza, na ikabaki kusubiri muda wa saa sita uji ushike.

Saa tisa na nusu alasiri jua lilikuwa limetoka. Kwetu jua la Machi ni mgeni, hata wauguzi walisogea dirishani kulitazama. Nikamsikia Daktari Mashavu akisema, "Haya, mzee, taratibu," na nikasubiri ule mgugumio niliouzoea, wa kila alfajiri, wa kuinuka kitandani.

Haukuja. Miguu ilitua sakafuni. Lusajo akasema "Baba!" kwa sauti ya mtoto.

Kisha, kwa kidole, kwenye chuma cha kitanda:

Ko. Ko. Ko.

Nikachuchumaa papo hapo, uso ukutani. Hatua zikaja. Moja, mbili, tatu, nne. Zikasimama mbele ya pazia. Nikangoja ageuke, apite.

Hakupita.

"Bupe," akaita.

"Naam, babu."

"Mwambie mama yako, mkubwa kati yetu ni mimi, na kuuondoa mwiko huu ni juu yangu. Nimeuondoa leo. Kiuno hakigeuki tena kumpisha, na mimi siwezi kumpita mwanangu wima kimya kama nampita mtu baki. Aje tusalimiane."

Nilisubiri mkalimani wangu arudie, nipate muda wa kupumua. Hakurudia. Alilishika pazia kwa mikono miwili akalivuta mpaka mwisho wa reli.

Nikainuka. Niliona viatu kwanza, vya ngozi, vimepigwa kiwi. Suruali ya bendi yenye mstari mwekundu. Kumbe alimwagiza Lusajo amletee, akamvisha akiwa bado amelala. Nikapandisha macho, kidogo, na kidogo tena, kwa maana palikuwa na safari. Hakuwa na ndevu. Alikuwa na macho ya Lusajo, na yalikuwa yanatazama sakafu kwa haya, kama yangu.

Tukasimama hivyo. Maneno yote niliyompelekea kwa miaka sita yalikuwa ya kutumwa, na sasa hapakuwa na wa kumtuma.

Bupe akatutazama mmoja baada ya mwingine. Akaushika mkono wangu, akaushika na wa babu yake, akaiweka pamoja.

"Mama," akasema, "huyu ndiye babu."